PAA LIKITAZAMWA KUTOKA JUU: NANI ATASHIKA PICHA, NANI ATAZIBA TUNDU?

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia vya pwani. Tumeichapa karibu kama ilivyosemwa, ili kila kikundi kiizungumzie katika mkutano wake.)

 

Nimeombwa nizungumze juu ya ile ndege ndogo isiyo na rubani, ambayo vijana wanaiita droni, na kama inafaa kukagua mapaa ya nyumba zetu hapa pwani. Vikundi vingine vimeshafuatwa na watu wenye chombo hicho. Wanasema, "Changeni pesa kidogo, tutawapigia picha mapaa yote ya kijiji, mjue lipi limeharibika." Wanachama wanauliza: tukubali au tukatae?

Jibu langu nitalitoa mapema, ili hata atakayesinzia baadaye awe amelipata. Droni ni jicho, haina mkono. Jicho hilo ni jema ikiwa picha inabaki kwa mwenye nyumba, na ikiwa mkono wa kuziba tundu uko tayari. Yasipokuwapo hayo mawili, afadhali pesa zenu zinunue misumari.

Kwa nini paa la pwani lataka kuangaliwa

Ndugu zangu, paa la hapa kwetu halifanani na la bara. Bati likitoka kiwandani limepakwa zinki, au zinki na alumini, ili lisile kutu. Lakini upepo wa bahari unabeba chumvi. Chumvi inatua juu ya bati, inavuta unyevu usiku, na kidogo kidogo inakula ule mpako. Kutu haianzii katikati ya bati. Inaanza kwenye tundu la msumari, kwenye ukingo uliokatwa na mkasi, na pale bati moja linapolalia jingine, maji yakakwama. Nyumba iliyo karibu na ufuo huliwa mapema kuliko iliyo nyuma ya mikoko au mashamba ya minazi.

Makuti nayo yana adui zake. Makuti ya viungo yaliyoshonwa karibu karibu, juu ya paa lenye mwinuko mkali, huweza kukaa miaka 5 hata 7. Paa likilala sana, maji hayakimbii, makuti yanaoza kabla ya wakati. Upepo wa kusi ukija unatafuta palipolegea, mara nyingi kwenye kilele, na ukipata pa kushika unafunua.

Mnakumbuka mwaka 2024, mwezi wa tano, kimbunga Hidaya kilipopiga pwani ya Tanzania upande wa Mafia. Hata sisi huku Kenya tulipewa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi makubwa. Upepo wa namna hiyo haulitazami paa lako jipya au la zamani. Unatazama msumari uliolegea.

Na paa si kivuli tu. Paa ni kisima. Chukua nyumba ya urefu wa mita 10 na upana wa mita 6. Hizo ni mita 60 za mraba. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Mahali panapopata milimita 1,000 kwa mwaka, paa hilo linapokea lita 60,000. Tuseme sehemu moja kwa tano inapotea. Bado zinabaki lita 48,000, yaani mitungi 2,400 ya lita 20. Mama mwenye tangi la kutosha angepata mitungi 6 kila siku ya mwaka bila kwenda kisimani. Sasa bati likitoboka na mfereji wa paa ukiziba, ni mitungi mingapi imemwagika chini? Kwa hiyo swali la paa ni swali la mgongo wa mama.

Jicho la juu laona nini

Tuanze na uzuri wake. Kukagua paa kumekuwa ni kazi ya kupanda, na kupanda kumevunja watu viuno. Bati lililooza halimwambii fundi kwamba limeoza. Linakatika tu chini ya mguu. Zile paa za zamani za asbestosi, zilizo juu ya baadhi ya shule na nyumba za watumishi, ni mbaya zaidi. Zinapasuka kama kigae, na vumbi lake ni hatari kwa mapafu. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, watu wa Mungu waliamriwa kwamba anayejenga nyumba mpya aweke ukingo kwenye dari, mtu asianguke, nyumba ikapata hatia ya damu. Basi kama kuna njia ya kuliona paa bila kumpandisha mtoto wa mwenzetu, tusiidharau.

Droni ndogo huruka kwa dakika kama 20 hadi 30 kwa betri moja. Paa la nyumba ya kawaida huchukua dakika chache. Picha zake zikiwa safi zitawaonyesha msumari uliotoka, bati lililoinuka pembeni, kutu iliyokaa kama doa, kofia ya kilele iliyohama, makuti yaliyoteleza yakaacha fito wazi, na majani yaliyojaa kwenye mfereji. Kwa jengo refu kama kanisa, madrasa, shule au zahanati, hiyo ni faida ya kweli.

Na halioni nini

Lakini hebu tusikie upande wa pili. Droni haioni chini ya paa. Haioni mchwa ndani ya boriti, wala makombamoyo yaliyoliwa na bungua. Haioni nguzo iliyooza pale inapoingia ardhini. Haioni bati lililoliwa kutoka ndani na moshi na mvuke wa jikoni. Paa laweza kuonekana zuri kabisa kwenye picha, kumbe limekaa juu ya miti iliyo unga mtupu. Mtu akikuambia, "Nimepiga picha, nyumba yako ni nzima," mwulize: umeingia ndani?

Tena ina udhaifu wake. Haipendi mvua, na upepo wa kusi wa mchana waweza kuisukuma mpaka kwenye mnazi wa jirani. Asubuhi, kabla upepo haujapanda, ndiyo saa yake. Mwewe na kunguru huweza kuivamia. Na betri yake ni ya lithiamu. Ikianguka ikapasuka huweza kuwaka moto. Fikirieni hiyo juu ya makuti makavu ya mwezi wa pili, nyumba zimebanana. Kwa hiyo kijiji cha makuti kisikubali droni irushwe kabla ya ndoo za mchanga na maji kuwekwa tayari.

Ukaguzi usiotaka pesa

Kabla hamjachanga hata shilingi moja, fanyeni haya. Yanahitaji asubuhi moja na watu watatu.

Kwanza, ingia ndani jua likiwa kali. Funga mlango na madirisha, ngoja macho yazoee giza, kisha tazama juu. Kila nukta ya mwanga ni tundu. Weka alama ya chaki ukutani, chini yake.

Pili, chukua kisu chenye ncha. Choma boriti, makombamoyo na nguzo, hasa zinapokutana na ukuta au ardhi. Kisu kikizama bila nguvu, mti huo umekwisha. Gonga pia, mti mzima unalia, mti ulioliwa unatoa sauti ya debe tupu.

Tatu, tazama ukuta baada ya mvua. Michirizi ya maji itakuambia paa linavujia wapi.

Nne, kama nyumba ni fupi, weka ngazi kwenye ukingo wa paa, mtu mmoja aishike chini, mwingine apande atazame tu, asikanyage bati. Mwenye simu ya kamera anaweza kuifunga imara kwenye mwanzi mrefu, akaiweka ijipige picha yenyewe baada ya sekunde chache, akaiinua juu ya paa. Vijana mnajua kufanya hivyo kuliko mimi. Kwa nyumba nyingi za vijijini, mwanzi na simu vinatosha.

Fanyeni hivyo mara mbili kwa mwaka: mwezi wa pili au wa tatu kabla ya masika, na mwezi wa tisa kabla ya vuli. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Paa nalo ni hivyo hivyo. Msumari mmoja leo, boriti kesho kutwa.

Kikundi kikishafanya hayo, ndipo kitajua mapaa gani yamebaki bila kuonekana. Hayo ndiyo ya droni.

Wenzetu wametumiaje jicho hili

Msidhani sisi ni wa kwanza. Tuna mifano miwili, mmoja wa karibu na mmoja wa mbali, na yote ina fundisho.

Jirani zetu wa Zanzibar walianza mwaka 2016 kuvipiga picha visiwa vya Unguja na Pemba kwa droni. Kazi iliongozwa na Kamisheni ya Ardhi kwa msaada wa Benki ya Dunia, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walifunzwa kuzirusha. Ramani zikatoka zinazoonyesha mpaka paa moja moja, na picha zikawekwa wazi kwa matumizi ya watu. Fundisho langu hapo ni hili: vijana wa mahali hapo walifunzwa kazi. Ujuzi haukurudi wote uwanja wa ndege pamoja na wageni.

Mfano wa pili ni Marekani, kwenye pwani yenye vimbunga. Mwaka 1992 kimbunga Andrew kilivunja nyumba nyingi mno kusini mwa jimbo la Florida, na mapaa mengi yakang'oka. Baada ya hapo sheria za ujenzi zikakazwa. Mwaka 2016 serikali yao ilipoweka kanuni nyepesi kwa droni za biashara, kampuni za bima zikazitumia kukagua mapaa. Fundi hapandi tena, na mtu aliyepigwa na kimbunga huweza kulipwa mapema. Hiyo ni heri.

Lakini kuna upande mwingine. Mwaka 2024 magazeti ya huko yaliandika sana habari za watu waliokatiwa bima kwa sababu ya picha zilizopigwa kutoka angani, nyingine kwa ndege au setilaiti, nyingine kwa droni. Mtu amekaa kwake, hajaambiwa lolote, anapata barua: paa lako lina majani, paa lako limechakaa, bima yako imekwisha. Wengine walilalamika kwamba picha zilikuwa za zamani au hazikusomwa vizuri. Jicho ni lile lile. Likiwa mkononi mwa mwenye nyumba, linamsaidia kutengeneza. Likiwa mkononi mwa mwingine, lilimfukuza.

Ua na ardhi

Sasa nije kwa jambo ambalo naona ndilo zito kuliko yote, nawaomba mnisikilize vizuri.

Pwani yetu ina kidonda cha ardhi. Wako kati yetu wanaoishi kwenye mashamba waliyozikwa babu zao na bado hawana hati. Serikali inawaita maskwota. Mtu kama huyo akisikia chombo kinavuma juu ya mji wake, hatauliza habari za kutu. Atauliza: nani amewatuma kupima? Na ana haki ya kuuliza. Picha inayoonyesha paa inaonyesha pia mpaka, mikorosho, minazi, kaburi na nyumba ngapi zimejengwa. Aliyeipiga kwa ajili ya makuti anaweza kuiuza kwa anayetaka shamba. Mkiruhusu droni bila kuyasema haya waziwazi barazani, mtavunja uaminifu ambao kikundi kimeujenga kwa miaka, na hakuna mchango utakaourudisha.

Tena kuna ua. Uani ndipo mama anapika, anafua, anaoga mtoto, anakaa bila buibui. Wazee wa Lamu na Mombasa walijenga nyumba zenye ua ndani na ukuta mtupu upande wa njia, kwa makusudi. Jicho la juu halina adabu ya kupiga hodi. Kwa hiyo hodi ipigwe na sisi, nyumba kwa nyumba, siku kadhaa kabla. Anayesema hapana, nyumba yake irukwe, na asisemwe vibaya.

Na kuna heshima. Mara nyingi wageni wamepiga picha za umaskini wetu wakaenda kuzitumia kuomba pesa, na mwenye nyumba hakuona hata kopi. Paa la mjane lenye matundu si tangazo. Ni la mjane.

Sheria inasema nini

Msikubali mtu awaambie kwamba droni ni kama tiara ya mtoto. Hapa Kenya kuna kanuni za mwaka 2020 zinazosimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, yaani KCAA. Kila droni iandikishwe. Anayefanya kazi ya kulipwa awe na cheti cha kuendesha kazi hiyo, na anayerusha awe na leseni. Isipande zaidi ya futi 400, yaani karibu mita 120. Kwa paa hamuhitaji hata robo yake. Karibu na viwanja vya ndege, kama Moi huko Mombasa, Malindi, Ukunda na Manda, na karibu na kambi za jeshi, ni lazima ruhusa maalum. Mjulisheni chifu pia kabla ya siku, maana kwa usalama wa pwani yetu chombo kisichojulikana angani kinaweza kuleta taabu kubwa.

Vilevile kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Picha ya nyumba ya mtu anayejulikana ni habari zake. Ana haki kuambiwa inapigwa kwa ajili ya nini na nani ataishika, na ana haki kukataa.

Basi kikundi kifanye nini?

Nawaachia hatua hizi, mzipime wenyewe.

1. Fanyeni kwanza ule ukaguzi wa mikono mitupu. Andikeni kwenye daftari kila nyumba, na mapaa yaliyoshindikana kuonekana.

2. Tengeni pesa za matengenezo kabla ya pesa za picha. Kama mfuko una shilingi 10,000 na droni inataka zote, jibu ni hapana. Mtabaki na picha nzuri za mapaa yanayovuja.

3. Msilipe nyumba moja moja. Unganeni vikundi viwili au vitatu, pamoja na shule na zahanati, mwiteni mrushaji siku moja. Ombeni kwanza kuona cheti chake.

4. Andikeni mkataba mfupi kwa Kiswahili. Useme nyumba zipi zitapigwa, picha zitakabidhiwa nani, kwamba mrushaji hatazitoa wala kuziuza, na kwamba akivunja kitu atalipa.

5. Kila mwenye nyumba apewe picha ya paa lake. Orodha ya kijiji kizima ikae kwa katibu, isitoke bila idhini ya mkutano.

6. Siku ya picha iwe na siku ya matengenezo iliyokwisha pangwa, isipite wiki mbili. Muanze na mapaa ya wazee na wajane.

7. Kama kuna kijana wa kikundi anayetaka kujifunza kazi hii kihalali, mtieni moyo. Afadhali jicho liwe la mtoto wetu, anayejua ua upi ni wa nani.

Wapendwa, Mungu huona kila paa bila chombo chochote, na hajawahi kutuuzia picha. Ametupa macho ya kutazamana na mikono ya kushika nyundo. Chombo kipya kikija, tukiulize kama tunavyomuuliza fundi mgeni: umetumwa na nani, utafanya nini, na ukiondoka utatuachia nini? Kikijibu vizuri, karibu. Kisipojibu, kipite salama, sisi tuendelee kushona makuti.

 

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chetu, ni mapaa mangapi hatuwezi kuyaona kwa ngazi au kwa simu na mwanzi?

2. Droni ikija, nani kati yetu anaweza kuogopa kwa sababu ya ardhi? Tutamweleza vipi, na nani aende kumwona?

3. Mfuko wetu wa matengenezo una kiasi gani leo? Unatosha mapaa mangapi kabla ya mvua?